Mama Mwalimu Anajibu: Namba 37 Haikujui

Mwezi uliopita nilidokeza, kwa mstari mmoja tu, kwamba niliwahi kuuza tikiti za loto. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko yote niliyokwisha kuandika hapa kuhusu hesabu za shule. Basi wazazi wenye maswali ya sehemu na desimali wanivumilie, zamu yao inakuja.

Kwa wasionijua: nilifundisha hesabu miaka 27 huku Katuba. Kuna kipindi mshahara ulikuwa kama mgeni asiye na taarifa, leo yupo, miezi mitatu hayupo. Nikatafuta kazi ya mchana, nikaipata kwenye gishe ya loto, dirisha la kuuzia tikiti, pembeni ya soko, komine ya Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, siyo nchi). Nilikaa pale miaka 6. Asubuhi nawafundisha watoto kugawanya, alasiri nawatazama baba zao wakigawanya.

Mchezo wetu ulikuwa wa mipira 90. Katika kila tiraje, yaani kila uchotaji wa namba, inachotwa 5. Wewe unachagua namba moja, mbili, tatu, hata tano, unaweka dau. Wengi walicheza namba mbili, na zote mbili zikitoka tulilipa dau mara 240. Shikeni hiyo 240, tutarudi kwake.

*Mama Mwalimu, jambo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Katuba. Niko na kaye ninayoandika namba za kila tiraje. Namba 37 imekaa tiraje 50 bila kutoka. Wenzangu wanasema imeiva. Niiwekee dau kubwa zaidi kila siku mpaka itoke, ama niache?*
*Fundi wa Katuba*

Fundi, kaye yako naijua kabla sijaiona. Kwenye ukuta wa gishe tulibandika karatasi ya matokeo, na kila alasiri wanaume sita saba walisimama mbele yake, biki masikioni, wakinong'ona kama madaktari mbele ya mgonjwa. Hii imeiva. Hii imechoka. Hii inamfuata mwenzake. Kaye nyingine nilizitambua kwa jalada, zilikuwa za wanafunzi wangu, baba kachana upande wa nyuma. Na ile karatasi ukutani, aliyetaka ibandikwe ni bosi. Jiulize kwa nini mwenye mchezo akupe bure kitu ambacho kingekusaidia kumshinda.

Tuhesabu. Inachotwa mipira 5 katika 90, kwa hiyo 37 ina nafasi 1 katika 18 ya kutoka leo, na nafasi 17 katika 18 ya kubaki ndani. Kubaki ndani mara 50 mfululizo ni 17 juu ya 18 ikizidishwa na yenyewe mara 50. Nimeifanya kwa simu: karibu 0.057, tuseme 6 katika 100. Unaona ni kidogo. Lakini namba ziko 90, na kila moja ina 6 katika 100 yake. Zidisha. Katika tiraje 50 zozote utegemee namba kama 5 hivi hazitaonekana hata siku moja. Ni kama darasani: kila muhula kuna watoro watano, na 37 yako ni mmojawapo. Muhula ujao watoro watakuwa wengine, nawe utaandika majina yao kwa biki nyekundu.

Kesho 37 ina nafasi gani? 1 katika 18. Ile ile ya jana, ile ile ya siku ulipoanza kaye. Mpira ni plastiki. Hauhesabu siku, hauoni haya kwa kukawia.

Waitalia, ambao wamecheza loto ya namba 90 kwa karne nyingi, walijifunza hili kwa bei kali. Kwao miji ina tiraje zake, na katika tiraje ya Venezia namba 53 ilipotea. Watu wakasema kama wenzako: imeiva. Ikapita tiraje 100, wakaongeza. Ikapita 150, wakakopa. Walimwaga mabilioni ya yuro juu ya namba moja, na magazeti yakaripoti familia zilizoanguka na watu waliojiua. Ilitoka tarehe 9 Februari 2005, baada ya kukosekana mara 182. Wale waliokuwa wamesema itatoka walikuwa sahihi, bila shaka. Ila mifuko haikuwa imesubiri nao.

Hilo la kuongeza dau ndilo linalonitisha zaidi katika barua yako. Tuseme unaanza na faranga 500, unakosa, unaweka 1,000, unakosa, 2,000, na kuendelea. Siku ya kumi unaweka 256,000 na jumla umetoa 511,500. Na kukosa mara kumi mfululizo kwa namba moja siyo bahati mbaya ya ajabu, hutokea mara 56 katika 100. Yaani mara nyingi kuliko kutokukosa! Chuma unachonunua kwa hiyo 511,500, wewe unajua bei kuliko mimi.

Msomaji mmoja wa Kamalondo ameuliza kinyume chake, kwamba namba zilizotoka juzi ziepukwe kwa sababu "haziwezi kurudi haraka". Huko Bulgaria, Septemba 2009, zilitoka 4, 15, 23, 24, 35 na 42 tarehe 6, zikatoka hizo hizo zote sita tarehe 10. Serikali ikaamuru uchunguzi. Mara ya kwanza hakuna aliyezipata zote. Mara ya pili watu 18 walizipata, maana duniani daima kuna wanaocheza matokeo ya juzi.

*Mwalimu, ninasoma Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), mwaka wa pili. Kuna "sistemu" ya kuchagua namba 10 na kucheza jozi zake zote, na kuna "banka", namba moja unaioanisha na zote zilizobaki. Ninaona mtu anashinda mara nyingi zaidi kwa njia hizo. Ni ipi bora?*
*Mwanafunzi wa Kasapa*

Unashinda mara nyingi zaidi, ni kweli. Na unalipa mara nyingi zaidi, kwa kiasi kile kile kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, chukua kalamu.

Jozi moja: katika namba 90 kuna jozi 4,005, na mipira 5 inayotoka inaunda jozi 10. Kwa hiyo ukicheza jozi moja mara 801 unategemea kushinda mara 2. Kwa dau la 500 umelipa 400,500, umepokea 120,000 mara mbili, 240,000. Banka: namba yako na zote 89 zilizobaki ni jozi 89, faranga 44,500 kwa tiraje moja. Banka ikitoka, imetoka na wenzake wanne, unashinda jozi 4, unapokea 480,000 na mtaa mzima unajua. Lakini banka inatoka mara 1 katika 18, na mara 18 zimekugharimu 801,000. Sasa gawanya 240,000 kwa 400,500. Gawanya 480,000 kwa 801,000.

Umeona? Karibu 0.6 zote mbili. Sistemu ya namba 10 ina jozi 45 na inafika pale pale. Katika kila faranga 100 zilizoingia dirishani kwangu, 60 zilirudi kwa wachezaji, 40 hazikurudi. Sistemu ni njia tu ya kuchagua kama zile 40 zitakutoka polepole au kwa kishindo. Wanaume wa banka walipenda kishindo. Nilikuwa nikiwatambua kwa namna wanavyohesabu noti, haraka haraka, bila kuziangalia.

*Mama, nakusalimia. Kuna bwana mmoja hapa Kampemba anauza "namba za hakika" kwa dola 2. Sikuamini, lakini jirani yangu alinunua akashinda kweli, nimeona feza kwa macho yangu. Sasa nashindwa kukataa. Anapata wapi hizo namba?*
*Mama Watatu*

Mama Watatu, asante sana kwa barua hii, nimeingojea miaka.

Na sisi tulikuwa na bwana wetu. Alikaa chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, koti safi, mkoba wa ngozi, Biblia juu ya mkoba. Hakupiga kelele kama wauzaji wengine. Ukimfuata anakuuliza jina, siku ya kuzaliwa, anafunga macho, anakuandikia namba mbili kwenye kipande cha karatasi, anakikunja. Dola 2. Anakuonya usimwonyeshe mtu, nguvu itatoka.

Hilo sharti la kutoonyesha ndilo lililonifungua macho, maana kuna mtu mmoja tu mjini ambaye vikaratasi vyote vilimfikia: mimi. Walivuka barabara, wakanipa nisome, nikaandika tikiti. Siku moja nikaanza kunakili pembeni. Huyu kapewa 11 na 68. Huyu 4 na 29. Huyu 52 na 80. Kwa wiki nzima sikuona jozi moja ikirudiwa. Kama angekuwa anajua namba zitakazotoka, si angewapa wote zile zile?

Sasa rudi kwenye hesabu ya mwanafunzi: jozi moja inashinda karibu mara 1 katika 400. Bwana wa mwembe alikuwa na wateja kama 60 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Piga 60 mara 6: jozi 360. Basi karibu kila wiki mmoja wao alishinda, bila bwana yule kujua chochote. Huyo mmoja alirudi akipiga vigelegele, akambusu mkono, akamletea kuku. Wale 359 walijilaumu: nilimwonyesha mke wangu, sikufunga kama alivyosema, nina dhambi. Bwana yule alipata dola 720 kwa wiki, na hakuwahi kununua tikiti hata moja kwangu. Hata moja.

Jirani yako ameshinda kweli. Waulize walionunua siku ile ile namba zao zilikuwa zipi.

*Nimepokea ujumbe kwenye simu kwamba nimeshinda dola 25,000 katika bahati nasibu ya Ulaya, wanataka nitume dola 40 za dosie kupitia kabine ya kutumia feza kwa simu. Nitume?*
*Ruashi*

Hapana. Tikiti uliinunua wapi?

*Mama Mwalimu, mimi huota namba. Pia mama yangu mkubwa anasema tarehe za kuzaliwa za watoto zina baraka. Kaka yangu yuko Liège, ananichezea EuroMillions kila Ijumaa kwa tarehe za watoto wangu. Ni vibaya?*
*Mama wa Mapacha*

Siyo vibaya. Tulikuwa na bibi mmoja, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, aliyecheza kila Jumamosi tarakimu za matrikule (namba ya kazi) ya marehemu. Alisema mume wake alihesabiwa kwa namba hiyo maisha yake yote, kwenye mposho, hospitalini, kwenye karatasi ya malipo, basi na yeye aihesabie kitu. Nilimwambia mara moja tu kwamba nafasi yake ni sawa na ya namba nyingine yoyote. Akanijibu: "Najua, mwanangu. Na wewe unaweka picha ya mama yako ndani ya pochi, inakupa nini?" Tangu siku hiyo niliandika tikiti yake nikanyamaza.

Lakini kwa kaka yako kuna jambo la kweli, na katika barua zote za mwezi huu ni hapa tu ambapo kuchagua namba kunabadilisha kitu. Kwenye gishe yetu kila mshindi alilipwa mara 240, wawe wawili au mia. EuroMillions ni tofauti: zawadi kubwa ni chungu kimoja, na washindi wote wanachotea humo. Namba zako haziwezi kukuongezea nafasi ya kushinda, nafasi ni 1 katika 139,838,160 hata ucheze nini, lakini zinaweza kuongeza au kupunguza idadi ya watu utakaogawana nao. Tarehe za kuzaliwa zinaishia 31, na dunia nzima inacheza tarehe za watoto wao. Na siyo tarehe tu zinazochezwa na wengi. Uingereza, tarehe 14 Januari 1995, tikiti 133 zilipata namba zote sita siku moja, na chungu cha pauni milioni 16 kikawa pauni 122,000 na kitu kwa kila mmoja. Ufilipino, Oktoba 2022, zilitoka namba zote za jedwali la 9: 9, 18, 27, 36, 45, 54. Washindi 433! Sijui niwape pole au hongera.

Kwa hiyo mwambie kaka: ukipenda tarehe za watoto, cheza kwa upendo. Ukitaka usigawane, vuka 31, acha majedwali, acha mistari na misalaba juu ya karatasi. Halafu mwulize tikiti 52 za mwaka zinamgharimu yuro ngapi, na kama mapacha wameshalipiwa muhula.

*Mama, sisi ni wamama 12 wa likelemba moja (mchango wa kupokezana kwa zamu), tunauza bunga na makala ya kupikia. Tumefikiri mwezi mmoja badala ya kumpa mwenye zamu, tununue tikiti nyingi za loto kwa pamoja. Watu 12 si nafasi inaongezeka?*
*Katibu wa likelemba, Kenya*

Tikiti kumi na mbili, nafasi mara kumi na mbili. Mshindi mmoja, kugawana kwa kumi na mbili. Kila mama amebaki pale pale alipokuwa, ila sasa ana wenzake kumi na mmoja wa kugombana nao. Na huyo mwenye zamu mnayetaka kumrukisha, mmemwuliza?

Likelemba yenu nimeipenda kuliko mchezo wowote niliouza. Kila mtu anashinda mara moja kwa mwaka, tarehe inajulikana, na katika kila 100 zinarudi 100. Kama gishe yetu ingelipa hivyo bosi angefunga siku ya pili.

Mkiamua kucheza hata hivyo, chezeni na chenji, nje ya likelemba, na muandike. Nilishuhudia waashi wanne walionunua tikiti moja kwa feza za wote. Ikashinda. Mmoja hakuwa ametoa faranga zake siku ile, alisema atatoa kesho. Je, alikuwa ndani au nje? Walianza kuulizana kwa sauti ya kawaida, saa kumi jioni. Saa kumi na mbili ilibidi tufunge chuma cha dirisha. Karatasi moja ingetosha: majina, kila mmoja katoa ngapi, namba zipi, tikiti anashika nani, sahihi za wote kabla ya tiraje, na picha ya tikiti kwenye simu za wote. Asiyetoa hajaandikwa. Na tikiti isikae ndani ya pagne siku ya kufua. Usicheke, niliona tikiti ya namba tatu iliyofuliwa kwa sabuni ya kipande mpaka ikawa ugali.

*Je, kuna mtu yeyote duniani aliyeshinda loto kwa hesabu, siyo kwa bahati?*
*Mpenda Hesabu, Likasi*

Wapo. Stefan Mandel, Mromania aliyehamia Australia, aliona kwamba katika loto ya jimbo la Virginia, Marekani, mtu alichagua namba 6 katika 44. Michanganyiko yote ilikuwa 7,059,052, tikiti dola 1, na Februari 1992 chungu kilikuwa kimefika kama dola milioni 27. Nunua zote! Alikusanya wawekezaji, akachapa mamilioni ya karatasi, akatuma watu madukani. Muda uliwaishia wakiwa na tikiti kama milioni 5, yaani hata baada ya kazi yote ile ilibaki bahati, na bahati ikawa upande wao. Baadaye, Massachusetts, kulikuwa na mchezo ambao chungu kikijaa bila mshindi, feza ilimwagwa kwenye zawadi ndogo. Mzee mmoja mstaafu na mke wake, na kundi la wanafunzi wa chuo cha MIT, waligundua kwamba siku hizo tikiti ilikuwa na thamani kuliko bei yake. Wakanunua kwa malaki. Mchezo ukafungwa 2012.

Angalia vizuri walichofanya. Hakuna hata mmoja aliyejua namba gani itatoka. Walipata mchezo uliokosewa bei, na walikuwa na mtaji wa kununua karibu duka zima. Ule wetu haukukosewa bei. Kupata namba zote 5 katika 90 ni nafasi 1 katika 43,949,268. Nilitaka wanafunzi waione hiyo namba, kwa hiyo tulihesabu punje za mahindi za kilo moja: 2,900 na kitu. Tukagawanya. Inatoka tani 15. Wakati huo malori ya mahindi kutoka Zambia yalikuwa yamepanga foleni mpakani Kasumbalesa, watoto wote walikuwa wameyaona. Nikawaambia: chukueni lori limejaa mpaka juu, pakeni punje moja wino, ichanganyeni humo, kisha fungeni macho mchomoe punje moja. Darasa lilinyamaza. Kisha mvulana wa nyuma akauliza lori ni la nani.

*Nani anatuhakikishia kwamba wenye mchezo hawachezei mipira?*
*Msomaji asiyeamini*

Wizi umewahi kutokea. Pennsylvania, tarehe 24 Aprili 1980, mtangazaji wa tiraje na wenzake walidunga rangi ndani ya mipira ili iwe mizito, wakaacha ya 4 na ya 6 tu ikiwa myepesi. Ikatoka 666. Walikamatwa kwa sababu watu wao walinunua michanganyiko ya 4 na 6 kwa wingi mno. Na Iowa, mkuu wa usalama wa kompyuta za loto, Eddie Tipton, alipandikiza programu yake kwenye mashine za kuchagua namba, na mwaka 2017 alihukumiwa hadi miaka 25. Ila mimi, kwa miaka 6, sikuona sababu ya bosi wetu kuiba. Mwenye kubakiza 40 katika kila 100 bila kugusa mpira, aibe ya nini?

*Mama Mwalimu, usiandike jina langu. Ni dereva wa teksi-busi. Nilianza na 500 kwa siku. Sasa nimecheza minervali (karo) ya binti zangu wawili, kisha nikakopa banki lambert ya mtaani, mkopeshaji wa riba, ili nirudishe, nayo nimecheza. Mke wangu hajui. Nikipata tu ile iliyopotea, naapa naacha. Nisaidie na namba, ama na neno.*

Namba sina, mdogo wangu. Neno ninalo, nalo ninalitoa upande wa pili wa dirisha.

"Nikipata tu ile iliyopotea" nimeisikia mara nyingi kuliko "bonjour". Anayecheza kwa furaha hukosa, hucheka, huenda kunywa munkoyo. Anayecheza ili kukomboa hachezi tena, anafanya kazi, na mwajiri wake anamkata 40 katika 100. Mwalimu mwenzangu wa shule moja alikuwa akija kwangu hivyo. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja asubuhi, mchana namwandikia tikiti, na mimi nalipwa asilimia kwa kila tikiti. Siku aliyoniwekea juu ya meza bahasha ya feza za mtihani za wanafunzi wake, nilifunga gishe nikampeleka nyumbani kwa miguu. Kesho yake alikwenda gishe nyingine. Mwisho wa mwezi niliacha kazi ile. Ningeiacha mapema.

Fanya hivi, wiki hii. Mwambie mke wako kabla mkopeshaji hajamwambia, maana atamwambia. Usimwambie usiku, mwambie Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa nje, na deni limeandikwa lote kwenye karatasi, usifiche hata 1,000. Mtaje mtu mmoja ambaye mkopeshaji anamheshimu, mjomba, mzee wa kanisa, mwende watatu kuomba alipwe kwanza mtaji, na faida isimame pale ilipo. Wengi hukubali wakiona mtu wa tatu, wanaogopa kukosa vyote. Kwa shule, nendeni wawili kwa prefe, mkuu wa shule, kuomba kulipa kwa mafungu. Maprefe wamezoea, na baba aliyekuja mwenyewe hupewa muda kuliko aliyefukuziwa mtoto.

Kuhusu feza ya kila siku: ukishatoa ya mwenye gari, iliyobaki mpe mke wako saa sita mchana, siyo jioni. Jioni ndipo gishe zinapojaa. Futa mchezo kwenye simu. Badilisha mahali pa kuegesha kama pale unaliona dirisha. Ukiona mkono unakuwasha, niandikie mimi, hata mstari mmoja. Barua yako hii nimeisoma mara tatu, na nitajua mwandiko.

*Na wewe mwenyewe, Mama, unacheza?*
*Mdadisi wa Katuba*

Tikiti moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa ya marehemu baba, namba 12 na 84. Nimefanya hivyo mara 19. Mwaka mmoja 12 ilitoka na 84 ikabaki ndani, ikatoka 83. Nyumbani kwetu tuliizungumza mpaka Noeli.